Flashi ya mtoto, barua ya mama

Barua ilimkuta Jumatatu saa nne asubuhi, chai ya tangawizi ikiwa bado inatoa mvuke mezani. Ofisa utumishi aliiweka juu ya kibodi, akamwomba asaini nakala kuonyesha ameipokea, akaondoka bila kumtazama usoni. Nje ilikuwa ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, watu wakitembea na makoti mazito, mlima Loleza haujaonekana tangu asubuhi kwa ukungu.

Barua ilitaja mambo matatu. La kwanza, kutumia barua pepe ya kampuni kwa biashara yake binafsi. La pili, kutuma taarifa za wateja nje ya ofisi. La tatu, kuchomeka kwenye kompyuta ya kampuni flashi iliyoleta virusi na kuharibu mafaili ya kompyuta nne, tena katika mwezi wa kufunga hesabu. Alipewa siku tatu kujieleza kwa maandishi.

Mama huyo ana miaka 41 na watoto wawili. Ni karani wa uhasibu katika kampuni binafsi ya mbolea na mbegu jijini Mbeya, na amefanya kazi hapo miaka tisa. Jina lake na la kampuni hayatajwi hapa. Mumewe ni mwalimu Iringa, amepanga nyumba Kihesa, na kijana wao wa kwanza anasoma kidato cha nne huko huko akiishi na baba. Binti wa miaka saba anakaa na mama. Ni familia ya barabarani: baba huja mwisho wa mwezi kwa basi, mama huenda sikukuu, na katikati yao kuna Makambako, Mafinga na vifurushi vya simu.

Alipoisoma ile barua mara ya kwanza, aibu yote ilikwenda kwenye jambo la kwanza. Biashara yenyewe ni mchele. Ana ndugu Kyela wanaolima, naye huchukua magunia machache na kuyapeleka Iringa, ambako shule binafsi na hosteli kadhaa za wanafunzi zimekuwa wateja wake. Wateja wa namna hiyo hawataki kuuziana kwa maneno matupu. Wanataka bei kwa maandishi, ankara na stakabadhi. Kompyuta ilikuwa mbele yake, printa ilikuwa nyuma yake, na barua pepe ya ofisi ilikuwa wazi kuanzia asubuhi. Akawa anatuma. Hakukumbuka kwamba chini ya kila ujumbe mashine ilikuwa inajiandikia yenyewe jina lake, cheo chake na nembo ya kampuni. Siku moja bwana mmoja wa hosteli alipiga simu mapokezi kulalamika kwamba kampuni imemuuzia mchele wenye mawe. Dada wa mapokezi alicheka akamwambia kaka umekosea namba, sisi tunauza mbolea. Baadaye fundi wa kompyuta alipokuwa anatafuta chanzo cha virusi, akakuta barua pepe 61 za mchele.

Jambo la pili hakulielewa kabisa. Taarifa gani za wateja? Alipofafanuliwa, alikasirika. Mwezi wa pili binti yake aliugua nimonia, na kwa karibu wiki mbili alilazimika kutoka ofisini mapema. Kazi isilale, akawa anajitumia faili la wadaiwa kwenye barua pepe yake binafsi, anamlaza mtoto, kisha anafungua kompyuta mpakato ya jirani na kuendelea hadi saa sita usiku. Asubuhi anarudisha faili likiwa limekamilika. Mkuu wake wa kitengo alimshukuru kwa hilo. Sasa lilikuwa limeandikwa kama kosa, tena kwa maneno makali kuliko ya mchele.

Jambo la tatu ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu alilijua lilivyotokea.

Kijana wake alikuja Mbeya kwa likizo ya Juni. Ana mtihani wa taifa Novemba, na alitaka kuchapa mitihani ya miaka iliyopita ya fizikia na kemia. Nyumbani hakuna kompyuta. Jumamosi ofisi hufanya kazi nusu siku, mama akaenda naye, akafungua kompyuta kwa neno lake la siri, akamwachia kiti, naye akapanda bajaji kwenda benki Mwanjelwa. Alikawia kama dakika 40. Kijana alichapa mitihani yake, akaona intaneti ni ya kasi, akatoa mfukoni flashi ya muvi aliyojaziwa kwenye kibanda, akaichomeka ili aongeze nyingine.

Jumatatu mafaili hayakufunguka. Jioni hiyo alimuuliza kijana, na kijana alisema ukweli palepale, huku akiangalia miguu yake. Mama akamwambia: “Usimwambie mtu.” Kwa hiyo wakati barua inafika, wiki moja baadaye, wazo la kuficha lilikuwa limeshakomaa.

Usiku alimpigia mumewe. Simu hiyo ilichukua karibu saa nzima.

“Mama, hawana ruhusa ya kusoma imeli za mtu,” mume alisema. “Na hivyo virusi, sema vilikuwepo siku zote. Nani atabisha? Mtoto asiguswe, ana mtihani.”

Hoja ya kwanza ya baba huyo ingestahili kusikilizwa, kwa kuwa wapo walioifikisha mbali. Huko Romania, mhandisi wa mauzo aitwaye Bogdan Bărbulescu alifukuzwa kazi Agosti 2007 kwa kutumia akaunti ya Yahoo Messenger, iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja, kuzungumza na mchumba wake na kaka yake. Mwajiri alipomuuliza, alijibu kwa maandishi kwamba anaitumia kwa kazi tu. Ndipo akawekewa mbele kurasa 45 za mazungumzo yake. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mara ya kwanza alishindwa, lakini Septemba 5, 2017 jopo kubwa la majaji lilimpa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Hawakusema mfanyakazi ana uhuru wa kuchezea vifaa vya kazi. Walisema mahakama za kwao zilipaswa kupima kama alionywa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani.

Hukumu hiyo haimfungi mwajiri wa Mbeya. Hata hivyo Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na mwajiri hawezi tena kuchukulia kila kilichomo kwenye mashine yake kama mali ya kufukuliwa tu. Shida ya mama huyu ilikuwa moja. Siku anaajiriwa alipewa rundo la karatasi asaini, na mojawapo ilikuwa sera ya matumizi ya kompyuta, ikisema wazi kwamba barua pepe ya kampuni inaweza kukaguliwa, neno la siri halitolewi kwa mtu, na vifaa vya nje havichomekwi bila idhini. Saini ni yake. Anasema hakusoma hata mstari mmoja. Alikuwa anafikiria mshahara wa kwanza utaingia lini.

Akaandika majibu. Mchele alikubali na kuomba radhi. Faili la wadaiwa alieleza. Kuhusu flashi aliandika sentensi mbili: “Sifahamu kifaa hicho kilitoka wapi. Hakuna mtu mwingine aliyetumia kompyuta yangu.”

Siku nne baadaye ikaja barua nyingine, ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu. Mambo hayakuwa tena matatu. La nne lilikuwa kutoa maelezo ya uongo.

Aliyemwokoa na ujinga zaidi ni mzee wa stoo, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini, mtu wa maneno machache anayekaribia kustaafu. Alimfuata nyuma ya ghala, kwenye mparachichi, saa ya chakula.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Kaa. Jumamosi ile kijana wako alipita getini?”

Akanyamaza.

“Nakuuliza kwa sababu alisaini daftari la wageni. Saa tatu na dakika kumi. Kwenye sababu ya kuja ameandika: kumwona mama.”

Mama anasema alicheka, kisha akalia. Kijana alifundishwa kuandika ukweli kwenye fomu, akaandika.

Mzee alimweleza sheria inavyokwenda, na hili ni eneo ambalo wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi hulijua baada ya kuumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinaeleza utaratibu wenyewe: uchunguzi ufanyike kwanza, mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuingia na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio. Akifukuzwa na kuona ameonewa, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ambayo ina ofisi Mbeya na Iringa pia. Watumishi wa serikali wana sheria na njia yao ya rufaa.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alimwambia kwamba kanuni hizo zinasema kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, ila kama ni zito kiasi cha kufanya ajira isivumilike. Kisha zinataja makosa yanayoweza kufika huko: kuharibu mali kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kupigana, ukaidi mkubwa. La kwanza kabisa kwenye orodha ni kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa.

“Mchele haukufukuzishi,” mzee alisema. “Flashi ya mtoto nayo tungeiombea msamaha. Hizi sentensi mbili ndizo zitakufukuzisha. Umeziandika mwenyewe, na hujaulizwa kwa fimbo.”

“Nitamtajaje mwanangu, mzee?”

“Kwani wao wanamshtaki mwanao? Aliyefungua kompyuta ni nani? Taja ulichofanya wewe.”

Ushauri huo unaonekana mwepesi kwenye karatasi. Usiku ule haukuwa mwepesi. Kufuta maelezo yako mwenyewe ni kumpa mwajiri ushahidi mkononi, na bado kulikuwa na uwezekano kwamba daftari la mlinzi halijasomwa na mtu mwingine. Mume kwenye simu alishikilia hivyo: wanachojua ni nini? Wamekisia tu. Waliachana kwa hasira. Saa tano usiku aliandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la hesabu la binti, kwamba anaondoa sentensi zake mbili. Kwamba alimwingiza mwanawe ofisini bila idhini, akamfungulia kompyuta kwa neno lake la siri na kumwacha peke yake. Kwamba aliandika uongo kwa hofu. Aliikabidhi asubuhi, siku mbili kabla ya kikao.

Kikao kiliongozwa na meneja wa tawi la Iringa, kwa kuwa wa Mbeya ndiye aliyelalamika. Kilianza saa tatu, kikaisha saa saba. Mchele ulichukua dakika chache. Kwenye faili la wadaiwa, mzee wa stoo alikuja na hoja nzuri: barua pepe zote tisa zilitumwa jioni, mafaili yalirudi asubuhi, na ujumbe wa shukrani wa mkuu wa kitengo ulikuwepo. Hakuna aliyeiba wateja. Mama akaanza kupumua.

Ndipo yule meneja akauliza, kwa upole tu: “Dada, hiyo barua pepe yako binafsi, nani mwingine huwa anaiingia?”

Alijibu bila kufikiri. Ipo kwenye simu yake, na kwenye simu ya kijana wake kule Iringa, kwa sababu siku wanamnunulia simu ilidai akaunti, na aliyekuwa nayo ni mama. Alipomaliza kusema, alisikia alichokisema. Wakulima na maduka karibu 300, majina yao, namba zao za simu na kiasi wanachodaiwa, vyote vilikuwa kwenye simu ya mvulana wa kidato cha nne, ambayo wenzake darasani huiazima kupiga nyumbani. Hasira aliyokuwa nayo kuhusu jambo la pili iliishia hapo.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tano. Onyo la mwisho la maandishi. Alihamishiwa stoo kusaidia kumbukumbu za mizigo, na malipo ya ziada ya Jumamosi yakakatwa. Uongo ulihesabiwa kuwa umethibitika, ila ilizingatiwa kwamba aliurekebisha mwenyewe kabla ya kikao, pamoja na miaka tisa bila kosa. Alitakiwa kufuta faili la wadaiwa kwenye barua pepe yake mbele ya fundi wa kompyuta. Akafuta.

Alitoka pale akiwa na kazi. Watu wa ofisini walimpongeza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa na mgonjwa aliyeteseka sana.

Ijumaa ya wiki hiyo alipanda basi kwenda Iringa. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa na kijana alikuwa amerudi kwa baba. Mume alishasema mtoto asielezwe chochote mpaka Novemba ipite. Lakini kijana alikuwa anajua kiasi cha kutosha. Alikuwa amesikia simu zile kupitia ukuta wa chumba, upande wa baba tu, na upande mmoja wa simu hutisha kuliko zote mbili. Kwa wiki tatu aliamini mama yake amefukuzwa na wazazi wanamficha.

Alimpokea Ipogolo, akachukua begi. “Shikamoo mama.” Hawakusema mengi mpaka walipofika Kihesa na baba kutoka kwenda dukani. Kijana akatoa bahasha kwenye daftari la fizikia. Ndani kulikuwa na shilingi 85,000.

“Za nini hizi?”

“Za kompyuta. Zile zilizoharibika.”

“Umezitoa wapi?”

“Nimeuza simu.”

Mama alikaa kitandani. Anasema jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kumkumbatia, na alimkumbatia. La pili lilimjia akiwa bado amemshika.

“Ulitoa akaunti yangu kabla ya kuuza?”

Hakutoa. Alikuwa ametoa laini tu. Je, lile faili aliwahi kuliona? Aliwahi: simu ilipojaa, alikuta kitu kimeandikwa “wadaiwa”, akakiacha akidhani mama atakihitaji. Maana yake kilikuwa kimeshashuka kwenye simu yenyewe, na kule kufuta mbele ya fundi hakukukigusa.

Jumamosi asubuhi walikwenda Miyomboni wote watatu, baba akiwa mbele kama anayekwenda kupigana. Njiani mama alibadilisha neno la siri kwenye simu yake, kijana akimwelekeza wapi pa kubonyeza ili kuona vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Walikuta vinne. Kimojawapo kilikuwa kompyuta mpakato ya jirani, tangu wakati wa nimonia. Wakaviondoa kimoja kimoja.

Fundi wa simu alikuwa kijana mstaarabu. Aliwakaribisha viti, akasema ile simu aliisafisha yote siku aliyoinunua, kisha akaiuza juzi kwa mtu aliyekuwa anakwenda Mafinga. Hamjui jina. Aliisafisha kweli? Aliisafisha, mama, wote tunasafisha. Hapakuwa na namna ya kuhakikisha.

Baba alisema basi, imekwisha, ameisafisha, nani atajua. Alilisema kwa sauti ndogo kuliko ya kwenye simu.

Walikaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya shule. Mama akafungua ujumbe mpya, kwa meneja wa Iringa na nakala kwa ofisa utumishi wa Mbeya. Aliandika kwamba simu iliyokuwa na faili la wadaiwa imeuzwa, lini, kwa duka gani, na kwamba muuzaji anasema imesafishwa lakini yeye hana uthibitisho. Aliandika kwamba amegundua jana usiku. Kijana alikuwa anasoma begani kwake.

“Mama, hapo umeandika ‘imeuzwa’. Andika nimeuza mimi.”

“Wewe si mfanyakazi wao.”

“Basi andika mwanangu ameiuza.”

Akafuta neno lile, akaandika hivyo. Baba alikuwa amesimama pembeni, ameshika bahasha ya elfu 85, akiangalia magari. Mama akabonyeza kutuma, akauliza kama kuna sehemu hapo karibu wanapouza chai.